Nzi Aliyekwama Nguzoni

Kabondo, Kisangani
Jumapili, tarehe 6 Julai

Kwako Tonton Médard,

Pokea salamu zangu, nazitoa nikiwa nimesimama, kama ulivyotuzoeza kuwasalimu wakubwa. Afya yako iko namna gani? Lile goti linalokuuma kila mvua ikikaribia, limetulia au bado linatabiri? Wanawake wanaoleta samaki wa moshi kutoka Yanonge walisema umefungua kibanda cha kutengeneza baiskeli na kwamba umenenepa kidogo. Nilifurahi kusikia, ila hilo la kunenepa sikuliamini.

Huku tunaamka salama, Mungu asifiwe. Mama ni mzima ingawa amepungua. Dada yetu mkubwa, Yaya Fanny, ni mzima, na sauti yake bado inafika mpaka kwa majirani wa barabara ya pili. Ndugu yetu Rolly amekuwa mrefu bila kuongeza akili. Papa ni mzima. Mimi nimepita darasa, naingia darasa la quatrième, mchepuo wa biochimie.

Utashangaa kupata karatasi wakati watu wote wanapiga simu. Lakini unaijua simu yetu. Papa akitoka, Mama anakupigia na kuweka haut-parleur tusikie wote, Yaya Fanny anapiga kelele kutoka uani, Rolly anaitikia chumbani kama yuko kanisani, na zamu yangu ikifika nasema "Tonton, bonjour", basi, namrudishia Mama simu na unité zinaisha. Nilianza kukuandikia kwa Kifaransa. Nilijaza ukurasa mzima, ukatoka mzuri sana. Lakini Kifaransa changu ni cha shule, kimevaa shati jeupe, na kila nilipokisoma nilijiona mtoto mwema. Nikauchana. Kwa Kiswahili chetu cha nyumbani sijui kujificha.

Habari kubwa ni hii: Yaya Fanny anaolewa. Kijana anaitwa Sadrack, fundi wa injini za baleinière, zile mashua kubwa za abiria, watu wa mto kutoka upande wa Isangi. Ni mpole, anacheka polepole, na Mama anampenda kwa sababu anakula lituma yake ya ndizi za kuponda bila kuacha hata alama kwenye sahani. Watu wa kwao watakuja tarehe 9 mwezi wa nane kutoa mahari. Na wewe unajua mambo hayo kuliko mimi: mtoto wa dada hatolewi mlangoni kama noko wake, mjomba wake, hayupo. Papa anaweza kuongea mchana kutwa, lakini neno la kaka wa Mama ndilo linalofungua.

Papa amesema atamweka Augustin wa Mangobo mahali pako. Mama akamjibu kwamba Augustin ni ndugu wa mbali, na kwamba kumvalisha mtu kofia ya Médard hakumfanyi awe Médard. Papa akasema mtu aliyekata kikapu chake cha kuvulia samaki hatakaa kwenye kikao chake. Tangu siku hiyo wanazungumza kupitia mimi. Mama ananiambia nimwambie baba yangu chakula kiko tayari, na baba yangu yuko palepale mezani, kijiko mkononi. Yaya Fanny, ambaye hakulia hata siku alipoungua sikio na pasi ya nywele, alilia. Halafu akapangusa macho, akatangaza kwamba bila wewe hatoki chumbani, wageni watamwoa Rolly.

Ndiyo sababu naandika. Lakini kabla sijafika pale ninapopaogopa, niruhusu nipite Masako kwanza, kwenye kijito chetu.

Unakumbuka Jumamosi zetu? Ulinipakia nyuma ya baiskeli, makemba, zile ndizi za kuchoma, kwenye mfuko, na ule ufito mrefu wa kuvulia umefungwa kwenye fremu ukitikisika kama bendera. Tulivuka daraja la Tshopo umande haujakauka, na vijana wa toleka, wanaobeba abiria kwa baiskeli, wakakuuliza kama leo unaenda kuvua mawingu. Uliwajibu kwamba mawingu yalishakwisha, sasa unavua nyota. Nilijificha nyuma ya mgongo wako kwa haya, lakini nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena mahali pengine.

Hadithi ya ule ufito nilikuomba uisimulie mara mia. Yule mtafiti aliyekuja kuhesabu samaki wa vijito alikuchukua kuwa msaidizi, akakaa miaka mitatu, na siku ya kuondoka akakuachia ufito, kamba nene ya kijani na sanduku dogo la ndoano za kufungia nzi wa bandia, wale wa manyoya na uzi wanaomdanganya samaki. Ulisema yeye alihitaji mwaka mzima kukufundisha kurusha, nawe ulihitaji wiki moja kumfundisha majina ya samaki, na wiki iliyofuata akayasahau yote.

Miezi miwili ya kwanza hukuniruhusu hata kulowanisha kamba. Tulijifunzia hapa uani, tukiwa tumefunga kitambaa chekundu mahali pa ndoano. Uliniwekea daftari la hesabu kwapani, ukasema likianguka, samaki amecheka. Mkono usipite sikio. Kamba ikienda nyuma, usiirudishe mara moja, iache inyooke kwanza. Nilikuuliza nitajuaje imenyooka na mimi sina macho kisogoni. Ukaniambia niseme "Salamu Maria" kimoyomoyo. Kamba fupi, "Salamu Maria" inatosha. Kamba ndefu, ongeza "umejaa neema". Mtu anayejionyesha, ukasema, yeye anasubiri mpaka "saa ya kufa kwetu", na kwa kweli nzi wake ameshakufia mtini. Mama alisikia kutoka jikoni, akakuonya usimtanie Mama wa Mungu. Ukamjibu kwamba Petro naye alikuwa mvuvi, wataelewana huko juu.

Kuku walielewa somo kabla yangu. Wakisikia tu "Salamu", walikimbilia chini ya mtungi. Na Rolly alikaa ukutani kila jioni kama mtazamaji aliyelipa kiingilio. "Émilie, hewa iko na kosa gani unaichapa hivi? Iache kwanza, itaomba musamaha!"

Na kuchagua nzi! Shuleni niliposema nina mouche kumi na mbili ndani ya sanduku, Nadège aliniuliza kama nyumbani hatuna choo. Sikujua kumweleza. Kwako nzi hakuchaguliwa sandukuni, alichaguliwa kijitoni. Kwanza ulinipeleka kwenye utando wa buibui kati ya matete, ukasema buibui ameamka kabla yetu na ameshatoka sokoni, tuangalie amenunua nini. Kisha tuligeuza mawe polepole kwa mikono miwili, kuona wadudu walioshikamana chini. Na kama tumepata samaki wa kula, tulisoma tumbo lake. Hapo tu ndipo kifuniko cha sanduku kilipofunguka. Baada ya mvua ya kwanza, nzi wa kumbikumbi mwenye bawa jepesi la unyoya wa kahawia, anayeelea. Mwezi wa nane na wa tisa, viwavi wa mbinzo wanapojaa kwenye miti na kudondoka majini, nzi wa kiwavi, mnene, anayezama taratibu bila haraka. Kwa mbenga, yule samaki wa meno makali, kitu kirefu kinachokimbia kama mtoto wa samaki, maana mbenga hana habari na wadudu. Ulisema wavuvi wengi wanakosea kwa sababu wanachagua nzi anayewapendeza wao.

Manyoya yalitoka shingoni kwa jogoo wa Mama, maskini, alitembea shingo wazi msimu mzima. Uzi tuliuchomoa kwenye magunia. Mng'ao ulikuwa karatasi ya biskuti. Na nywele zilikuwa mèches, nywele za bandia za kusukia, kutoka salon ya Yaya Fanny, zile za rangi ya bordeaux, nyekundu iliyoiva, ambazo alizificha nasi tukazipata. Alilalamika kwamba samaki wa Masako wanasukwa vizuri kuliko wateja wake.

Samaki wangu wa kwanza hakuzidi kidole changu cha kati. Nilitaka kumficha. Wewe ulivua kofia, ukaingia majini na viatu, ukamsalimu kwa jina lake lote kama chef wa kijiji. Nikikosa usingizi huwa nairudia siku hiyo. Harufu ya majani yaliyolowa, makemba yaliyopoa, wewe ukiimba vibaya.

Bon. Sasa nimefika.

Mwaka ule wa mwisho ulimfunga nzi wa kiwavi mkubwa, wa nywele za bordeaux, kwenye ndoano ya mwisho ya lile sanduku, ile nene isiyoshika kutu. Ulitumia siku mbili kumfunga. Ulisema huyu si wa kijito, ni wa maporomoko: pale nyuma ya kikapu cha Papa, maji yanapogeuka na kupumzika chini ya mti wa ukingoni, mbinzo wanaanguka na samaki wakubwa wanasubiri mdomo wazi. Ulimwomba Papa ruhusa kwa adabu, nilikuwepo. Papa akakataa. Alisema maji ya vikapu hayachanganywi na ndoano, na kwamba babu zake walisimamisha nguzo za kufungia vikapu pale bila kuupiga mto hata kofi. Ukasema, "Bon, shemeji, maji ni yako," mkanywa chai. Lakini mimi niliona ulivyofunga sanduku.

Wiki iliyofuata, maji yalipopanda, Papa na wenzake walikuta nguzo imelala na kikapu kimeondoka na mto. Wiki tano za kusuka. Waliporudisha ile nguzo ufukoni waliona kekele, ile kamba ya mmea inayofunga kikapu, haikukatika yenyewe, ilikuwa na mdomo safi wa kisu. Na kwenye ufa wa nguzo zilibaki nywele tatu za bordeaux. Papa aliita watu, akaziweka mbele yako, akauliza ni za nani. Ulizishika, ukazitazama, ukasema, "Nzi ni wangu." Akauliza kama una neno lingine. Ukasema huna. Papa akakwambia mbele ya wote usikanyage tena mawe yake, wala mlango wake. Ulinitazama mara moja tu, si kwa hasira. Jioni ile nilikuta ufito juu ya kitanda changu, na wewe ulikuwa umeshapanda mtumbwi.

Tonton, ni mimi niliyekata.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Papa na wanaume wote wa upande wetu walikuwa kwenye matanga. Nilichukua ufito na kiwavi, nikatelemka kwenye mawe na uniforme ya shule. Nilitaka samaki mmoja tu, nimlaze mbele ya Papa, aone kwamba ulikuwa na haki, kwa sababu kusema sikuweza, na nilidhani samaki angenisemea. Nilirusha mara tatu. Ya tatu, ee Tonton, laiti ungeiona. Nilifika "umejaa neema", kamba ikanyooka nyuma yangu kama imepigwa rula, ikaenda mbele, na kiwavi akatua chini ya mti bila sauti. Samaki akamchukua hapohapo. Sikumwona, niliona maji tu yakivimba. Alikimbia, akazunguka mguu wa nguzo, akavuta, akajitoa. Kiwavi akaruka, akabaki amekwama juu, ndani ya mizunguko ya kekele iliyofunga kikapu.

Ulinifundisha: ukikwama, kata uzi, nzi anafungwa mwingine. Nilijua. Nilikuwa na kisu cha Mama cha kukatia mboga ya pondu mfukoni. Lakini ile ilikuwa ndoano ya mwisho na siku mbili za mikono yako. Nikapanda nguzo, mahali ambapo kwetu msichana hapandi, nikajaribu kumtoa kwa vidole, akakataa. Nikakata mizunguko miwili ya kekele. Miwili tu. Nikajiambia mingine itashika. Kikapu kilibaki kimesimama, nikashuka, nikawahi somo la pili.

Niliogopa macho yako yakikuta sanduku tupu kuliko nilivyoogopa chochote cha Papa. Kikapu niliona ni kitu kilichopo tu, kama mlango wa nyumba. Sikuziona zile wiki tano. Na nzi niliyemwokoa sikuweza hata kumtazama. Kikapu kilipoondoka, nilimtupa mtoni.

Haya nadhani uliyajua tangu ulipozishika zile nywele. Ulinyamaza kwa ajili yangu. Lakini kuna jambo hukulijua, na ndilo linalonifanya niishie kwenye "Tonton, bonjour" kila ukipigiwa simu. Asubuhi ya kikao, kabla hujafika, Papa alikuja jikoni na nywele zile kwenye kiganja. Aliniuliza mimi, polepole, kwa sababu siongei sana na ananiamini. Alisema, "Émilie, wewe unajua hivi vitu. Hii ni ya nani?" Nikasema ya Tonton. Akauliza, "Ya Tonton peke yake?" Nikasema ya Tonton peke yake. Akanishika kichwa, akasema merci mama.

Jibu la kwanza lilikuwa kweli. La pili lilikuwa kisu. Miaka miwili hii wewe unadhani shemeji yako alikuhukumu kwa sababu anakudharau wewe na fimbo yako. Hapana. Alikuhukumu kwa neno langu.

Sasa nitafanya jambo ambalo mimi mwenyewe silitaki. Sitafunga bahasha. Nitampa Papa karatasi hizi asome kabla yako.

*

Jumatano

Bado niko hai, Tonton.

Nilimfuata kwenye mawe Jumatatu asubuhi, nikampa, nikakaa mbali kidogo. Alivaa ile miwani yake iliyofungwa na waya, akasoma huku midomo ikitembea. Alichukua muda mrefu. Mahali fulani alicheka, nafikiri ni pale pa Petro, kisha akaacha kucheka. Alipomaliza aliuliza swali moja tu: nilikata mizunguko ipi, ya juu au ya chini. Nikasema ya juu. Akasema ile ya juu ndiyo inayobeba maji yakipanda, kila mtoto wa nyumba yake anajua hilo. Halafu akavua miwani. Nadhani alikumbuka kwamba mimi hakuna aliyewahi kunionyesha.

Adhabu yangu nimeshapewa. Likizo yote nitachana kekele pamoja naye mpaka kikapu kipya kisimame, na nitaifunga mizunguko ya juu kwa mkono wangu, yeye akiniangalia. Vidole vina malengelenge tayari, samahani kwa mwandiko. Wenzake walimuuliza tangu lini wasichana wanafunga nguzo. Papa aliwajibu kwamba huyu ndiye pekee hapa anayejua kwa hakika ipi haikatwi. Walicheka, mimi nikatamani kuingia ndani ya kikapu. Mama alisikia yote, akakaa chini, akasema jina lako mara mbili, basi. Yaya Fanny hajanisemesha. Ana haki, sitamharakisha.

Nilimwambia Papa kwamba barua nitawapa wale wanawake wa samaki wa Yanonge. Akakataa. Alisema neno lake alilitupa mbele ya watu wazima, hawezi kumtuma mtoto akaliokote. Kesho alfajiri anapanda baleinière ya Yanonge, amekwisha kunyoa ndevu.

Donc, Tonton, mtu aliyekukabidhi karatasi hizi ni Papa. Ukizisoma mpaka hapa, bado amesimama kwenye kibanda chako, akigusa baiskeli za watu kana kwamba anataka kununua. Hajui kuomba msamaha, unamjua, hata Mama hajawahi kumsikia akiomba. Ataanza na injini iliyozimika njiani. Kisha atakueleza kina cha maji, kisha joto. Mama ananiambia nikuandikie kwamba akifika kwenye joto yuko karibu, usimkatize.

Salamu zote za nyumba hii ninaziweka mikononi mwako, pamoja na za jogoo, ambaye manyoya yake yameota tena. Nisamehe ukiweza, na usipoweza leo, rudi tu kwa ajili ya Yaya, mimi nitasubiri.

Ni mimi, mtoto wa dada yako,

Émilie